Acheni kumpima Bart Starr kwa jumla ya yadi

Wiki hii nimetumiwa tena lile jedwali. Jordan Love, yadi 4,159 za pasi mwaka 2023, msimu wake wa kwanza akiwa kwotabeki (mrusha pasi) namba moja wa Green Bay Packers, timu ya futiboli ya Marekani. Aaron Rodgers, yadi 4,038 mwaka 2008, naye msimu wake wa kwanza. Kisha Bart Starr, kwotabeki wa Packers haohao miaka ya sitini, ambaye katika misimu 16 hakufikisha yadi 2,500 hata mara moja. Chini yake swali lilelile: "Sasa huyu mzee mnamsifia nini?"

Nimeshalijibu kwa simu, nimelijibu kwa kinyozi, nimelijibu hata kwenye matanga. Kazi yangu ni takwimu za futiboli ya Marekani, kwa hiyo leo naliandika, ili anayeuliza tena nimpe hapa asome.

Tuanze na Rodgers, maana hapo hakuna kazi kubwa. Mwaka 2008 msimu ulikuwa wa mechi 16. Tangu 2021 ni 17. Gawanya: Rodgers yadi 252 kwa mechi, Love 245. Hilo la "kinda kampita gwiji" limeletwa na mechi moja ya ziada. Kwenye tachidauni (pasi zilizofikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani na kuleta alama) na pasi zilizonaswa na wapinzani Love yuko mbele kweli, 32 kwa 11 dhidi ya 28 kwa 13. Wote wawili walisota benchi miaka mitatu, na wote walirithi nafasi ya mkongwe aliyeuzwa timu ya Jets. Ila Rodgers alikuta wapokeaji waliokomaa, Donald Driver na Greg Jennings, na kila mmoja alivuka yadi 1,000 mwaka ule. Love alikuwa anawarushia vijana waliokuwa wakijifunza kazi pamoja naye. Mimi naamini mzigo wa Love ulikuwa mzito zaidi. Nimejaribu kuuonyesha kwa namba, na kila njia niliyotumia ilinirudisha kwenye swali la nani alimsaidia nani.

Tena Love mwenyewe wa mwaka ule ni wawili. Mechi tisa za mwanzo: tachidauni 14, zilizonaswa 10. Nane za mwisho: 18 kwa 1. Wastani wa msimu unakupa mtu wa tatu ambaye hakucheza hata wiki moja.

Sasa Starr, na hapa ndipo damu inaponichemka.

Kutaja jumla ya yadi ni kuhesabu magunia bila kuuliza shamba lilikuwa ekari ngapi. Mwaka 1966, alipochaguliwa mchezaji bora wa ligi yao, NFL, Starr alirusha pasi 251 katika msimu wa mechi 14. Love alirusha 579. Timu ya kocha wake, Vince Lombardi, ilijengwa juu ya kukimbia na mpira. Starr alikuwa anarusha kwa kuchagua, na sifa yake kubwa ilikuwa dauni ya tatu (jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) ikibaki yadi moja, mabeki wamejazana mbele wakisubiri mbio, yeye anaachia pasi ndefu. Hizo 251 zilimpa yadi 2,257, karibu 9 kwa kila pasi. Za Love ni 7.2. Tachidauni za Starr 14, yaani 5.6 kwa kila pasi mia; za Love 5.5. Someni tena hapo. Yule mzee wa tachidauni 14 na huyu kijana wa 32 wamefunga kwa kasi ileile. Na pasi za Starr zilinaswa mara 3 tu msimu mzima.

Nikifika hapa, msomaji mjanja huacha yadi na kukimbilia reitingi, ile alama moja ya kupima pasi za kwotabeki. "Basi tutumie reitingi, ile inajali idadi ya pasi." Ndiyo, inajali. Lakini reitingi ya maisha ya Starr ni 80.5, na Love kwa msimu ule mmoja alipata 96.1, kwa hiyo mnarudi palepale mkiwa na uhakika mkubwa zaidi. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yadi, kwa sababu linavaa joho la sayansi.

Kanuni ya reitingi ilianza kutumika 1973. Ina vipande vinne: asilimia ya pasi zilizofika, yadi kwa kila pasi, asilimia ya tachidauni, asilimia ya zilizonaswa. Kila kipande kilipangwa ili kwotabeki wa kawaida wa zama zile apate 1, na ukijumlisha kawaida zote nne unapata 66.7. Kawaida yenyewe ilikuwa ipi? Nusu ya pasi kufika, na zaidi ya tano kunaswa katika kila mia. Leo kwotabeki wa namna hiyo hamalizi msimu. Hizo 80.5 za Starr zilipimwa kwa kibaba cha siku zake na zikamwagika juu ya ukingo. Leo zingekuwa chini ya wastani wa ligi, kwa sababu ligi nzima imepanda, na kibaba hakikubadilishwa.

Tazameni pia kilichopanda. Yadi 7 kwa pasi ilikuwa kawaida wakati ule, na leo bado iko papo hapo. Kilichobadilika ni pasi zinazofika na pasi zinazonaswa, yaani ligi imejifunza kurusha karibu na kwa usalama. Mwaka 1978 sheria zilimzuia beki kumgusa mpokeaji baada ya yadi tano, na walinzi wa mbele wanaomkinga kwotabeki wakaruhusiwa kunyoosha mikono. Starr alistaafu kabla ya hayo yote.

Siku hizi wengi wetu tunamlinganisha mtu na wastani wa mwaka wake, nami hufanya hivyo. Kwa kipimo hicho Starr wa 1966 anamwacha Love wa 2023 mbali. Siamini kwamba jibu hilo limekamilika. Ligi ya 1966 ilikuwa na timu chache, na kumzidi mwenzako wa wakati ule huenda ilikuwa rahisi kuliko sasa. Tena kwotabeki anayerusha mara chache huchagua wakati wake. Akirusha 579, hizo 9 zingebaki 9? Nadhani zingeshuka. Kiasi gani, hakuna hesabu inayoweza kunipa.

Kuna ulinganisho mmoja ninaoupenda. Tarehe 1 Januari 1967, fainali ya NFL mjini Dallas dhidi ya Cowboys: Starr pasi 19 kati ya 28, yadi 304, tachidauni 4. Januari 2024, mtoano, tena ugenini kwa Cowboys: Love 16 kati ya 21, yadi 272, tachidauni 3. Reitingi inampa Love 157.2 na Starr 143.5. Mabeki waliomkabili Starr siku ile waliruhusiwa kumsukuma mpokeaji njia nzima mpaka mpira uwe hewani. Ukiniletea jedwali linalojua hilo, nitalisoma.