Kuchapa uso kwa nukta: haftoni kwa ajili ya fulana

Kwenye skrini ya kuchapia, yaani fremu yenye wavu ambao wino hupitishwa kwenda kwenye fulana, wino una hali mbili tu, umepita au haukupita. Hakuna wino mweusi unaopita nusu ukawa kijivu. Ndiyo maana kila picha yenye vivuli, kabla ya kufika kwenye fremu, huvunjwa kuwa nukta za rangi moja: nene palipo na giza, ndogondogo palipo na mwanga. Ukisogea nyuma, jicho lenyewe linazichanganya na kuona kijivu. Nukta hizo ndizo haftoni. Wazo ni la zamani kuliko kompyuta: tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa kwa njia hii picha ya mtaa wa mabanda wa jiji hilo.

Kazi ninazopokea zaidi ni nyuso. Fulana za msiba, za mahafali, za kampeni, za timu kumuenzi kocha. Na malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wachapaji wenzangu ni haya: "Kwenye kompyuta uso ulikuwa safi, kwenye fulana umekuwa doa jeusi lenye macho na meno." Kwa kawaida lawama zinaenda kwa picha ya mteja au kwa programu. Mimi naona tatizo liko kwingine. Nukta zimechaguliwa kwa kutazama kioo cha kompyuta, wakati zilitakiwa zichaguliwe kwa kutazama wavu wa skrini na ngozi ya mtu aliye kwenye picha.

Tuanze na wavu. Skrini ya 77T ina nyuzi 77 kwa kila sentimita, yaani karibu 195 kwa inchi. Kanuni wanayoifuata wachapaji wengi ni kugawa idadi hiyo kwa 4 hadi 5 ili kupata mistari ya nukta kwa inchi. Ukigawa 195 kwa 4.5 unapata kama 43, nami huwa naweka 45. Skrini ya 43T, ambayo karakana nyingi ndogo wanaitumia kwa maandishi, inakupa 25 tu au pungufu.

Sababu ya kanuni hii unaweza kuipima. Kwa mistari 45, kutoka kitovu cha nukta hadi kitovu cha jirani yake ni milimita 0.56. Nukta ya asilimia 5, yaani inayofunika asilimia 5 ya eneo lake, hapo ina upana wa kama milimita 0.14. Kwenye 77T, kutoka uzi hadi uzi ni milimita 0.13. Maana yake nukta hiyo inatosha kwa shida tundu moja na uzi wake. Nukta ya asilimia 3 ina milimita 0.11, kwa hiyo ikiangukia juu ya uzi huenda isipitishe wino, na ikiangukia kwenye tundu inapitisha. Matokeo yake ni paji la uso lenye madoadoa yasiyo na mpangilio. Mtu aliyeweka mistari 65 kwenye 77T kwa sababu ilipendeza kwenye kioo amezipoteza nukta zake ndogo kabla hata hajashika skwiji, ule mpira wa kusukumia wino.

Wala usihofu kwamba mistari 45 ni michache mno. Mtu anayeona vizuri, akisimama mita mbili kutoka kwa aliyevaa fulana, hazitofautishi tena nukta zilizoachana kwa milimita 0.56. Hata karibu zaidi ya hapo uso unasomeka. Fulana hutazamwa kwa umbali wa salamu, haisomwi kama kitabu.

Sasa ngozi, na hapa ndipo ningependa tukae zaidi.

Fungua picha ya bibi mwenye ngozi nyeusi, igeuze iwe ya kijivu, kisha pitisha kipima rangi usoni. Mng'ao wa paji la uso unaweza kusoma asilimia 35 ya weusi. Shavu la upande wa mwanga 60. Shavu la upande wa kivuli, chini ya macho, kando ya pua: 75, 80, hata 85. Karibu uso mzima umekaa nusu ya juu ya kipimo. Na kitambaa cha pamba hunywa wino na kuutandaza. Nukta uliyoiweka asilimia 50 inaweza kutokea kama 65 au 70. Iliyokuwa 80 inajifunga kabisa, kwa sababu pale juu kinachobaki ni vitundu vyeupe kati ya nukta, na hivyo ndivyo vya kwanza kumezwa. Uso mweupe una nafasi ya nukta kutanuka bila kuharibika, wetu hauna. Kwa hiyo mipangilio ya kurithi kutoka kwenye mafunzo ya video, yaliyotengenezwa kwa picha za watu weupe, haitutoshi.

Dawa ni kurekebisha kijivu kabla ya nukta kuzaliwa. Kwenye Curves, zana ya Photoshop ya kubadilisha weusi na weupe wa picha kwa mkunjo, ninashusha sehemu ya kati hadi shavu la mwanga lisome kama 40 na la kivuli kama 60, halafu ninaacha nywele, mboni na mstari wa midomo vibaki vizito. Kwenye kioo bibi ataonekana amepauka. Mwache apauke, wino utamrudishia rangi yake. Kitu kimoja cha kulinda kwa nguvu zote ni tofauti kati ya paji la uso na shavu, maana umbo la fuvu linasomeka hapo, na ndugu humtambua mtu wao kwa umbo hilo kabla ya kitu kingine.

Kiasi cha kushusha usikikisie milele. Tengeneza ukanda wa viraka, asilimia 5, 10, 20 hadi 95, uchape mara moja kwa wino wako, kitambaa chako na skwiji yako. Skani kila kiraka, kitie Threshold kibaki cheusi na cheupe tupu, kisha tazama wastani kwenye histogramu. Kipimo kinaenda hadi 255. Kiraka cha 50 kikitoa wastani wa 76, weupe uliobaki ni asilimia 30, yaani wino umefunika 70. Ukiona kiraka cha 30 ndicho kilichotokea kama 50, basi kwenye Curves peleka 50 iwe 30. Hifadhi mkunjo huo kwa jina la wino na kitambaa, utautumia kwa kazi zote zinazofanana.

Baada ya hapo programu ni kazi ya dakika. Kwenye Photoshop, picha iwe na ukubwa halisi wa kuchapwa, mathalani upana wa sentimita 28 kwa pikseli 300 kwa inchi. Ingia Image, Mode, Bitmap. Rezolusheni ya kutoka iwe ile ya printa yako, inayotoa nakala ya kuhamishia nukta kwenye skrini. Printa nyingi za leza ni pikseli 600 kwa inchi. Chagua Halftone Screen, mistari 45, pembe 22.5, umbo Ellipse. Pembe hiyo inasaidia mistari ya nukta isigongane na nyuzi za wavu na kuzaa mawimbi. Umbo la yai nalipenda kwa nyuso kwa sababu nukta za duara zinagusana zote kwa pamoja, na shavuni unaona mkato wa ghafla. Za yai zinagusana kwa hatua mbili, kwanza ncha kisha ubavu, kivuli kikapita taratibu.

Kuhusu 600: gawa 600 kwa 45, kila nukta ina nyumba ya pikseli kama 13 kwa 13, na hiyo inatoa ngazi za kijivu zaidi ya 170. Ukitoa kwa 300 ngazi zinashuka hadi kama 45, na uso unaanza kuonyesha matabaka.

Wenye CorelDRAW wanafika palepale kupitia Bitmaps, Mode, Black and White, kisha wanachagua Halftone. Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, tumia kichujio cha Newsprint. Hiyo inataka ukubwa wa nukta kwa pikseli, kwa hiyo faili likiwa la pikseli 600 kwa inchi andika 13, halafu malizia na Threshold ili kingo zisibaki na kijivu. Kichujio cha Color Halftone cha Photoshop sikitumii kwa skrini. Kinafaa bango la mtindo wa katuni, ila hukipi mistari kwa inchi.

Kwa fulana nyeusi na wino mweupe, geuza picha kwanza, kwa kuwa sasa wino ndio mwanga. Hapa kutanuka kunafanya kinyume: kunampausha mtu hadi anakuwa wa majivu. Kwa hiyo mkunjo unapunguza wino mweupe shavuni, hadi asilimia 20 au 25, na kuruhusu kitambaa cheusi kiwe ngozi. Nyuso zetu hupendeza sana kwa njia hii, na nikiulizwa na familia, fulana nyeusi ndiyo ninayoishauri.

Faili likishakuwa la nukta usilipanue wala kulipunguza. Kama mteja anataka sentimita 24 badala ya 28, rudi kwenye kijivu uanze upya. Usilihifadhi kama JPEG. Ukilituma kwa WhatsApp, litume kama dokyumenti, PDF au TIFF, kwa sababu likienda kama picha litabanwa na kila nukta itapata ukungu pembeni. Na mwambie mwenye printa achape kwa asilimia 100, bila kubana picha iingie kwenye karatasi.