Ujenzi unaposuasua, tusianze na fundi

Nyumba ikichelewa kuisha, wa kwanza kulaumiwa ni fundi: mvivu, anavuta siku. Wako wa namna hiyo. Lakini ukishinda saiti utaona saa nyingi zinapotea fundi akiwa tayari na mwiko mkononi. Mchanga haujafika, maji hakuna, mbao za fomu (za kushikilia zege mpaka likauke) bado ziko kwenye kazi nyingine, na mwenye kauli ya mwisho kuhusu ukubwa wa dirisha hapokei simu.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Mwaka 2017 kampuni ya McKinsey ilikadiria kwamba, kwa miongo miwili, tija ya mfanyakazi wa ujenzi duniani ilikua kwa wastani wa asilimia 1 tu kwa mwaka, wakati viwandani ilikua kwa asilimia 3.6.

Kwetu Tanzania hasara kubwa naiona kwenye kurudia kazi. Plasta imeshakauka, ndipo anaitwa fundi umeme. Ukuta unatinduliwa, waya zinapita, plasta inapigwa kiraka. Kila fundi kafanya kazi yake vizuri na kalipwa, ila nyumba imelipiwa mara mbili. Kuzuia hilo hakuhitaji mashine; kunahitaji njia za waya na mabomba zichorwe kabla ya kuanza kujenga.

Teknolojia nayo ipo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) umekuwa ukihimiza matofali ya kufungamana, yaani yanayoshikana yenyewe yakipangwa: udongo unaochanganywa na saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine, kisha tofali linamwagiliwa badala ya kuchomwa. Kuni hazihitajiki, na mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia matofali) inayotumika ukutani ni kidogo sana. Lakini udongo lazima upimwe kwanza, maana wenye mfinyanzi mwingi hunywea na kupasuka. Tena mstari wa kwanza ukipinda, ukuta mzima unapinda, kwani hakuna mota nene ya kufichia kosa. Fundi aliyezoea tofali la kawaida anahitaji kufundishwa upya.

Nani atamlipa kwa muda huo wa kujifunza? Hapo ndipo ubunifu mwingi unapokwama. Kibarua wa kutwa akimaliza mapema, amejikata riziki. Mkandarasi aliyepata zabuni kwa sababu tu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote hana akiba ya kujaribia kitu kipya.

Kuacha malipo ya kutwa na kulipa kazi nzima kwa mkupuo pekee hakutibu, maana huzaa kulipua kazi, yaani kuimaliza harakaharaka bila ubora. Ninachoshauri ni kulipa kwa hatua: msingi, kuta, lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa. Kila hatua ikaguliwe na mtu asiye fundi wala mwenye nyumba, na ikikubalika ilipwe siku hiyohiyo. Fundi anayecheleweshewa fedha hukamata saiti tatu kwa pamoja ili watoto wale, na zote tatu huchelewa.