Je, Wajua Kwa Nini Wikipedia Inamhitaji Mkutubi?

Mtu akitaka kujua habari za Siti binti Saad leo, simu inamjibu papo hapo: mwimbaji wa taarabu, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri, akafariki mwaka 1950. Mara nyingi jibu hilo limetoka Wikipedia, au kwenye tovuti iliyonakili Wikipedia. Msomaji makini atauliza swali la pili: nani kasema, na kaandika wapi? Hapo simu huanza kubabaika. Jibu la swali hilo limo kitabuni, kitabu kiko rafuni, na anayeijua rafu yenyewe ni mkutubi.

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, ikajiita kamusi elezo huru, na sasa ina zaidi ya makala 80,000 zilizoandikwa na watu wa kujitolea. Kila mtu anaweza kuhariri. Hilo linajulikana sana, na ndilo linalowafanya walimu wengi waishuku. Lisilojulikana sana ni kanuni inayokwenda pamoja na uhuru huo: jambo lolote linaloweza kupingwa lazima liwe na chanzo kilichochapishwa, ambacho mtu mwingine anaweza kukitafuta na kukikagua. Mwandishi haruhusiwi kuweka utafiti wake mwenyewe, hata akiwa profesa. Kazi yake ni kueleza yaliyokwisha kuchapishwa na wengine, bila kuegemea upande, na kuonyesha yalichapishwa wapi. Sentensi isiyo na chanzo inaweza kuwekewa alama ya kudai ushahidi, au kuondolewa. Makala nzima isiyo na ushahidi inaweza kufutwa.

Kwa hiyo ugumu mkubwa wa kamusi elezo hii haupo kwenye kuandika. Vijana wa kuandika wapo, na simu wanazo. Wanachokosa ni ushahidi. Fungua makala ya kata yoyote ya Tanzania katika Wikipedia ya Kiswahili. Nyingi zina mistari michache tu: jina la kata, wilaya yake, msimbo wa posta, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa. Chini yake kuna tangazo kwamba makala hii bado ni mbegu, na ombi kwa anayejua zaidi aongeze habari. Shule ya kwanza ilijengwa lini, mnada ulianzaje, reli ilipita wapi, nani alitoka pale akawa mtu mashuhuri, hakuna. Wazee wa kata hiyo wanayajua yote hayo, lakini kijana akiyaandika bila chanzo hayatadumu, na chanzo kilichopo mtandaoni ni sensa peke yake.

Nje ya mtandao hali ni tofauti kabisa. Gazeti la Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, na kwa miaka mingi lilipokea barua, mashairi na habari za mikoani kutoka kwa wasomaji wake. Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937. Kabla ya hayo, Tanga ilikuwa na gazeti la Kiongozi enzi za Wajerumani. Ongeza ripoti za wilaya, tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu, vitabu vidogo vya historia za makabila, majarida ya misheni, kumbukumbu za vyama vya ushirika. Sehemu kubwa ya karatasi hizi imehifadhiwa katika maktaba na hifadhi chache za nyaraka, kama mkusanyiko wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingi hazijawahi kuwekwa mtandaoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa msomaji wa leo, kisichotajwa mahali popote mtandaoni ni kama hakimo katika daftari.

Watu wengi hudhani chanzo cha Wikipedia ni lazima kiwe kiungo cha kubofya. Sivyo. Kanuni zinakubali kitabu cha karatasi, gazeti la mwaka 1950, hata jarida linalopatikana katika maktaba moja tu, ilimradi lilichapishwa na linaweza kufikiwa na mtu mwingine anayetaka kulikagua. Kanuni zinakubali pia vyanzo vya lugha nyingine. Mkutubi wa Morogoro anaweza kuchukua kitabu cha Kiswahili na kukitumia kama ushahidi katika makala ya Kiingereza, pale ambapo vyanzo vya Kiingereza havipo au ni duni. Nadhani hili ndilo wakutubi wetu wanapaswa kulisikia kabla ya mengine yote, kwa sababu linaipa thamani mpya rafu ambayo huenda wameiona kwa muda mrefu kuwa imepitwa na wakati.

Tuseme mkutubi amekutana na ile sentensi ya Siti na safari ya Bombay, na haina chanzo. Anajua kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wa mwimbaji huyo, uliotoka mwaka 1958. Anautoa rafuni na kutafuta ukurasa unaozungumzia safari hiyo. Akiupata, anausoma wote na ule unaofuata, ahakikishe kwamba kitabu kinasema kweli kile ambacho makala inadai. Mara nyingi hapa ndipo kosa linapoonekana: mwaka umekosewa, au makala imeongeza chumvi ambayo mwandishi hakuitia. Kisha anafungua makala, anabofya “Hariri”, anaweka kishale mwishoni mwa sentensi na kuingiza rejeo: jina la mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mahali, mwaka, ukurasa. Kitabu kikiwa na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha, programu inaweza kujijazia taarifa nyingi. Lakini mfumo wa ISBN ulianza rasmi mwaka 1970, na hazina yetu kubwa ya vitabu vya Kiswahili ni ya kabla ya hapo, kwa hiyo atajaza kwa mkono. Atataja pia ni chapa ipi aliyoshika, maana kitabu kikipigwa chapa upya kurasa husogea, na atakayekuja kukagua akiwa na chapa nyingine atadhani amedanganywa. Mwisho anaandika muhtasari mfupi wa alichobadilisha, anahifadhi, basi. Kazi nzima haizidi muda wa kumhudumia msomaji mmoja kaunta.

Tazama ni ujuzi gani umetumika hapo. Kujua nani aliandika nini. Kutofautisha chapa moja na nyingine. Kusoma ukurasa kwa jicho la kukagua. Kunukuu taarifa za kitabu bila kukosea herufi. Yote haya mkutubi alifundishwa chuoni na anayafanya kila siku. Kompyuta ndiyo ngeni kidogo, nayo haichukui muda kuzoeleka.

Wazo hili la mkutubi mmoja na rejeo moja limekuwa kampeni ya dunia nzima. Wikipedia ilipotimiza miaka 15, Januari 2016, wakutubi waliombwa kila mmoja aongeze rejeo moja tu. Kampeni ilipewa alama ya #1Lib1Ref, na mshiriki huiandika katika muhtasari wa hariri yake ili kazi ihesabike. Sasa hufanyika mara mbili kwa mwaka: kuanzia 15 Januari hadi 5 Februari, na tena kuanzia 15 Mei hadi 5 Juni. Barani Afrika, AfLIA, muungano wa vyama na taasisi za maktaba wenye makao yake Accra, Ghana, ulianzisha mwaka 2021 kozi ya mtandaoni ya kuwafundisha wakutubi wa Afrika kutumia na kuhariri Wikipedia.

Ningependa kuona Kiswahili kikichukua nafasi kubwa zaidi katika kampeni hiyo. Mwaka 2009 Google iliandaa mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, wakashiriki wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na makala nyingi zikapatikana. Lakini mashindano yana siku ya mwisho na zawadi zake. Maktaba hufunguliwa kesho yake pia. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani, na Kenya nayo ina maktaba za umma zilizosambaa nchini. Maktaba moja ya mkoa ikiamua kwamba mwaka huu itashughulikia makala za wilaya zake tu, kwa vitabu vyake yenyewe, baada ya mwaka mmoja msomaji wa Kiswahili popote alipo ataona tofauti.

Lipo jambo gumu ambalo lazima lisemwe. Sehemu kubwa ya elimu yetu imo vichwani mwa watu, haimo vitabuni, na kanuni ya chanzo kilichochapishwa inaiacha nje. Bibi anayejua asili ya mji wake vizazi sita nyuma hawezi kutajwa kama ushahidi, ilhali msafiri wa Kizungu aliyepita pale siku mbili na kuandika aya moja anaweza. Hilo linauma, na wanaolilalamikia wana haki. Hata hivyo, kanuni ikilegezwa, uvumi wa kila aina utaingia kwa mlango huo huo, na wa kwanza kuumia watakuwa wasomaji wa Kiswahili wasio na vyanzo vingi vya kulinganisha. Njia iliyo mikononi mwa mkutubi ni kutafuta mahali ambapo sauti ya huyo bibi imekwisha kuchapishwa: tasnifu ya mwanafunzi aliyemhoji, makala ya jarida la chuo, kitabu cha mwanahistoria wa pale pale. Tasnifu hizo zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, na nyingi hazijafunguliwa tangu siku zilipowekwa rafuni.

Kutumia nako kuna ufundi wake. Mwanafunzi akija maktaba na karatasi aliyoinakili kutoka Wikipedia, kumfukuza hakumsaidii. Mkutubi amketishe, amwonyeshe sehemu ya historia, ambako kila badiliko limeandikwa tarehe, saa na jina la aliyelifanya. Amwonyeshe ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hubishana juu ya mambo yenye utata. Kisha washuke pamoja hadi kwenye marejeo, na mwanafunzi aambiwe: hivi ndivyo vitu vya kunukuu katika kazi yako, twende tuone tunacho kipi. Makala isiyo na marejeo yoyote nayo ni somo zuri, kwa sababu mwanafunzi ataona kwa macho yake kwamba maneno yaliyopangwa vizuri yanaweza kuwa hayana mguu wa kusimamia.

Maktaba isiyo na intaneti ya uhakika nayo isijione iko nje. Kuna programu ya bure iitwayo Kiwix, inayoiweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta au simu, isomwe bila mtandao. Ya Kiingereza pamoja na picha ni faili kubwa sana, lakini ya Kiswahili ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo. Ikipakuliwa mara moja mjini, inabebwa kwenye kadi ya kumbukumbu hadi shule ya kijijini, na huko mtu anaisoma bila kutumia bando.

Mambo machache huwaletea wageni matatizo. Kitabu kuwa mali ya maktaba hakukupi ruhusa ya kukipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukipakia. Nchini Kenya, kwa mfano, hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi. Hata kunakili aya nzima ndani ya makala ni kosa, mkutubi aandike kwa maneno yake. Makala ya kuisifu maktaba yako au mkurugenzi wako ni mgongano wa masilahi, na wahariri wengine hulitambua haraka. Na ukiandaa warsha, wahimize washiriki wafungue akaunti nyumbani, siku moja au mbili kabla. Mfumo huruhusu akaunti mpya sita tu kwa siku kutoka kwenye anwani moja ya intaneti, kwa hiyo watu ishirini wakijisajili pamoja kwa mtandao wa maktaba, wa saba na kuendelea watakwama.

Mkutubi atakayeendelea atafika mahali ambapo kazi yake inamrudishia kitu cha maana. Wikipedia ina maktaba yake, The Wikipedia Library, ambayo wachapishaji wakubwa wameikubalia kuwafungulia wahariri majarida na hazinadata za kulipia, JSTOR, hazina kubwa ya majarida ya kitaaluma, ikiwamo. Masharti ni kuwa na akaunti ya miezi sita au zaidi, hariri 500, angalau hariri 10 katika siku 30 zilizopita, na kuwa hujafungiwa. Huduma hiyo ni ya mhariri mwenyewe, hairuhusiwi kuwagawia wasomaji wa maktaba, na ni ya kuandikia makala. Lakini tafiti nyingi kuhusu pwani yetu, lugha yetu na historia yetu zimo katika majarida hayo yaliyofungwa, na mkutubi wa wilaya ambaye ofisi yake haiwezi kulipia hata jarida moja ataweza kuyasoma na kuyaeleza kwa Kiswahili, bure, kwa kila mwenye simu.