Je, wajua kwa nini kila wiki kuna kigogo anayechapwa na kibonde?

Tarehe 22 Novemba 2022, Uwanja wa Lusail, Qatar. Argentina, ya tatu kwa ubora duniani, imecheza mechi 36 mfululizo bila kufungwa. Mbele yake ipo Saudi Arabia, ya 51. Dakika ya 10 Lionel Messi anatia penalti, na kabla ya mapumziko Argentina inatikisa nyavu mara tatu zaidi, zote zinakataliwa kwa kuotea. Kipindi cha pili hakijakolea, Saleh Al-Shehri anasawazisha dakika ya 48. Dakika tano baadaye Salem Al-Dawsari anawazungusha mabeki, anaupinda mpira hadi kona ya mbali ya lango. 2-1, hadi filimbi ya mwisho.

Saudi Arabia ilipiga mashuti matatu tu mechi nzima. Mawili yalilenga lango, na hayo mawili ndiyo yaliyokuwa mabao. Kesho yake nchi nzima ilipumzika kwa amri ya Mfalme Salman.

Mechi kama hiyo ikitokea, vijiwe vya kahawa havilali. Mmoja atasema kigogo alidharau, mwingine atamlaumu refa, wa tatu atamsifu kocha, na hapa kwetu hatakosekana wa nne wa kunong'ona kuhusu "kamati ya ufundi", yaani waganga, iliyofanya kazi usiku. Kila mmoja anaweza kuwa na chembe ya ukweli (wa nne simo). Ila hakuna hata mmoja anayejibu swali gumu zaidi: kwa nini mambo haya hayakosekani? Kwa nini kila Jumatatu lazima pawe na kigogo mmoja wa kuchekwa?

Jibu lenye uzito kuliko mengine ni kwamba mpira wa miguu una mabao machache mno.

Kombe la Dunia la 2022 lilikuwa na mabao 172 katika mechi 64, yaani hata matatu kwa mechi hayafiki. Kwenye ligi ya kikapu ya Marekani, NBA, timu moja peke yake huvuka pointi 100 kwa usiku mmoja. Sasa fikiria bahati. Mchezaji wa kikapu akirusha mpira wa kubahatisha ukaingia, timu yake imeongeza pointi tatu juu ya mia moja na kitu, na dakika mbili baadaye hakuna anayekumbuka. Kwenye soka, shuti likimgonga beki begani likambadilishia kipa mwelekeo, huenda hiyo ndiyo mechi nzima. Bahati ina ukubwa uleule katika michezo yote miwili, tofauti ni kwamba kwenye kikapu inazama ndani ya pointi nyingi na kwenye soka haina pa kuzama.

Tuitie namba. Chukua timu mbili za kubuni. Kigogo, akikutana na mpinzani huyu, hufunga wastani wa mabao 2 kwa mechi. Kibonde hufunga wastani wa 0.8. Hilo si pengo dogo, kigogo ni zaidi ya mara mbili. Ukipitisha wastani huo kwenye kanuni ya Poisson, hesabu ya kukadiria jambo litatokea mara ngapi ukijua wastani wake, ambayo ndiyo wakokotoaji wengi wa soka huanzia, unapata hivi: katika mechi 100, kigogo anashinda kama 65, zinatoka sare 20 na ushei, na kibonde anashinda 14. Mara 14! Timu iliyozidiwa zaidi ya mara mbili inaondoka na pointi tatu karibu mara moja katika kila mechi saba, na hajaroga mtu.

Halafu acha uwiano uleule, ila zidisha mabao yote mara kumi: kigogo wastani wa 20, kibonde wastani wa 8. Nafasi ya kibonde kushinda inaporomoka hadi chini ya mara 1 katika mechi 100. Uwezo wa timu haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni idadi ya mabao.

Wazee wa mpira husema soka ina matokeo matatu, na watu huitikia kwa kichwa bila kuitafakari. Hesabu yetu inaipa kauli hiyo nyama: ukijumlisha sare na vipigo, yule kigogo wetu anashindwa kupata ushindi mara 34 au 35 katika mechi 100. Kikapu hakina sare kabisa. Muda ukiisha mkiwa sawa mnaongezewa dakika tano, kisha tano nyingine, hadi mkubwa aonyeshe ukubwa wake.

Na hili halikuishia kwenye karatasi. Mwaka 2006 watafiti watatu, Eli Ben-Naim, Federico Vazquez na Sidney Redner, walichapisha uchambuzi wa zaidi ya mechi 300,000 zilizochezwa kwa karibu karne nzima, za ligi kuu ya soka ya Uingereza na ligi nne kubwa za Marekani. Waliuliza jambo moja: ni mara ngapi timu yenye rekodi mbaya humpiga mwenye rekodi nzuri? Soka iliongoza kwa takriban 45 katika 100, besiboli ikaifuata kwa karibu. Kikapu na soka ya Kimarekani zilikuwa mkiani, kama 36 hivi. Kumbuka ligi za Marekani zina kikomo cha mishahara au utaratibu wa kuwapa wanyonge nafasi ya kwanza kuchagua vijana wapya, yote hayo ili timu zilingane. Bado soka, isiyo na huruma hiyo, ndiyo iliyokuwa na maajabu mengi zaidi.

Muda wa mechi nao una mkono wake. Raga ya wachezaji 15 huchezwa dakika 80 na pointi humiminika, ndiyo maana Japan ilipoifunga Afrika Kusini 34-32 mjini Brighton mwaka 2015, dunia ya raga ilishika kichwa na mpaka leo mechi hiyo inasimuliwa. Ile ya wachezaji saba ni fupi mno, kawaida dakika 14, na humo mnyonge anapumua. Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, ilitwaa taji la Singapore mwaka 2016 kwa kuichapa Fiji 30-7 fainali, Fiji hiyohiyo iliyobeba dhahabu ya Olimpiki miezi michache baadaye.

Kocha mjanja wa timu ndogo anayajua haya hata kama hajawahi kusikia jina la Poisson. Kazi yake si kuwafanya vijana wake wawe bora kuliko Argentina ndani ya wiki mbili, hilo haliwezekani. Kazi yake ni kupunguza matukio ili bahati ibaki na nguvu. Kupaki basi ndiko huko: watu kumi nyuma ya mpira, kipa anajifunga kamba za viatu dakika ya 60, mpira wa kurusha unarushwa baada ya maswali na majibu. Mashabiki wa kigogo huuita uhuni. Mimi nauita hesabu nzuri, ingawa kuutazama ni adhabu.

Hervé Renard, kocha wa Saudi Arabia siku ile, alikwenda njia nyingine. Mabeki wake walisimama juu karibu na katikati ya uwanja, wakiwaacha washambuliaji wa Argentina waotee. Ni kamari ya wazi, kwani beki mmoja akichelewa hatua moja mmekwisha. Mabao matatu yaliyokataliwa yanaonyesha kamari hiyo ilipita kwenye tundu la sindano. Renard hakuwa mgeni wa mambo haya. Mwaka 2012 alikuwa kwenye benchi la Zambia pale Libreville, fainali ya Afrika dhidi ya Ivory Coast ya Didier Drogba. Drogba alikosa penalti ndani ya mechi, dakika 120 zikaisha bila bao, na Zambia ikashinda 8-7 kwa matuta. Matuta yenyewe ni kimbilio la mnyonge: ukiyafikia, pengo lenu la dakika zote zilizopita limebaki dogo sana.

Karibu na nyumbani ipo ya Kasarani. Tarehe 10 Agosti 2025, Kenya, iliyokuwa ikishiriki CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, kwa mara ya kwanza, iliifunga Morocco 1-0. Ryan Ogam alifunga kuelekea mapumziko, muda mfupi baadaye Chrispine Erambo akalambwa kadi nyekundu, na Harambee Stars wakakaa kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Nani hakukodoa macho kwenye saa siku ile? Lakini angalia kilichofuata. Kenya ikatolewa robo fainali na Madagascar kwa matuta, na Morocco ikarudi palepale Kasarani tarehe 30 Agosti kubeba kombe. Argentina vilevile: ilifungwa na Saudi Arabia, na Desemba ikawa bingwa wa dunia huku Wasaudi wakiishia hatua ya makundi.

Kwa hiyo kibonde kushinda siku moja hakumaanishi amekuwa bora. Mechi moja ni kipimo kidogo mno. Ukitaka kujua nani mkubwa, wachezeshe mara 38, na ndipo ligi huwapanga watu karibu na stahili zao.

Isipokuwa Leicester City. Msimu wa 2014/15 walinusurika kushuka daraja, wakamaliza nafasi ya 14. Msimu uliofuata kampuni za kubashiri ziliwapa nafasi moja kwa 5,000, wakachukua ubingwa wa Uingereza kwa pointi 81, kumi zaidi ya Arsenal, wakifungwa mara tatu tu. Hilo huwezi kulimaliza kwa neno bahati, maana bahati ya mabao machache huchujwa ndani ya mechi 38. Walikuwa na N'Golo Kanté, Riyad Mahrez na Jamie Vardy katika ubora wao, hawakuwa na mashindano ya Ulaya ya kuwachosha, majeruhi walikuwa wachache, na vigogo wote walianguka kwa wakati mmoja: Chelsea, bingwa mtetezi, alimaliza wa kumi. Msimu uliofuata Leicester wakawa wa 12, na Claudio Ranieri alifukuzwa hata kabla haujaisha.

Sasa turudi kwenye Jumatatu ya kijiweni. Tuseme mwisho wa wiki una mechi kumi ambazo kila moja ina kigogo na kibonde kama wale wetu wa kubuni. Uwezekano kwamba angalau kibonde mmoja atashinda ni kama asilimia 78. Na mwisho wa wiki wa kweli hauna mechi kumi tu: kuna Uingereza, Hispania, Italia, Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ya Kenya, na mechi za klabu Afrika. Wiki isiyo na maajabu ndiyo ingekuwa ajabu. Kinachotughilibu ni kwamba zile mechi 65 katika 100 ambazo kigogo alishinda 2-0 bila jasho hakuna anayezijadili, zimesahaulika kabla kahawa haijapoa.

Hapo ndipo mkeka, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja, unapochanika. Mtu anachagua timu kumi "za uhakika", kila moja ina nafasi ya 65 katika 100, anaona hakuna itakayomwangusha. Lakini kwenye mkeka zote kumi lazima zishinde pamoja, na ukizidisha 65 hizo mara kumi unabaki na nafasi moja katika 70 hivi. Akipunguza zikawa tano, nafasi inapanda hadi moja katika nane au tisa. Na kampuni za kubashiri, zenye wakokotoaji wao wa kulipwa, hukupa bonasi kubwa zaidi kila unapoongeza timu nyingine kwenye mkeka.