Akili mnemba na sheria: mambo tunayoyakosea

"Akili mnemba (AI) haina sheria, makampuni yanajifanyia tu yanavyotaka." Hii naiskia kila mahali na si kweli jamani. Umoja wa Ulaya una sheria yake tangu tarehe 1 Agosti 2024, inaingia kwa awamu, Februari 2025 ndo makatazo yakaanza, mfano kuwapa raia maksi kwa tabia zao ni marufuku, na faini inafika yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni ya mwaka mzima duniani kote, kubwa kati ya hizo mbili ndo inatozwa.

Wengine wanasema sawa, ila hiyo ni ya Wazungu, sisi mpaka bunge letu litunge sheria ya akili mnemba. Hapa ndo tunajipunja kabisa, manake kumbukeni Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya kidijitali, pale Nairobi 2023, watu walipanga foleni ukumbi wa KICC wakapigwa picha za mboni za macho ili wapate tokeni, yaani hizo sarafu zake, serikali ikasimamisha Agosti, alafu Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile zifutwe ndani ya siku 7 kwa sababu ridhaa ilipatikana kwa kushawishi watu na tathmini ya athari kwa faragha ya watu haikufanywa inavyotakiwa. Sheria iliyotumika? Ya ulinzi wa data ya 2019, wakati huo ChatGPT hata haijazaliwa!

Alafu kuna hii ya "wataalamu wote wanakubaliana itatuangamiza". Hapana. Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun, watafiti wakubwa wa akili mnemba, walipewa pamoja tuzo ya Turing ya 2018, ile kubwa ya sayansi ya kompyuta, wote watatu, na leo hawaelewani. Hinton aliacha kazi Google 2023 ili aongee kwa uhuru kuhusu hatari, Bengio naye anataka udhibiti mkali, LeCun anaona hofu hiyo imekuzwa na anasema dhibitini matumizi, utafiti uacheni. Na wapo watafiti kina Joy Buolamwini wanaosema madhara yapo tayari sa hivi, yeye na mwenzake Timnit Gebru walionyesha 2018 kwamba programu za kutambua jinsia ya mtu kwa kuangalia sura zilikosea wanawake weusi mpaka asilimia 34.7, wanaume weupe haikufika hata moja. Mi huyu ndo namsikiliza zaidi, maana sura inayokosewa ni yangu na ya dada zangu.

Kwamba Afrika haimo mezani, nayo si kweli. Kenya, Rwanda na Nigeria zilikuwemo kwenye tamko la Bletchley, lile la nchi mbalimbali kuhusu usalama wa akili mnemba, Novemba 2023, Umoja wa Afrika ukapitisha mkakati wake Julai 2024, Kenya ikazindua wa kwake Machi 2025. Ila tusichanganye, mkakati ni mpango tu, huwezi kwenda nao mahakamani. Ukichukuliwa sura au sauti yako bila ridhaa leo, Kenya unapeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, Tanzania unaenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyoundwa na sheria ya 2022. Milango hiyo ipo wazi na watu wengi hata hawajui.