Filimbi za masika katika milima ya Andes

Kanivali ya Bolivia inayojulikana zaidi ni ya Oruro, yenye vinyago vya mashetani wenye pembe na bendi za matarumbeta, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001. Naipenda. Lakini kazi yangu ni ala za kupuliza, na sikio langu hukimbilia vijijini, ambako kanivali huitwa Anata kwa Kiaymara na Pukllay kwa Kikechua, lugha za wenyeji wa Andes. Maneno yote mawili maana yake ni mchezo.

Huko utaikuta tarka, filimbi ya mbao iliyochongwa kwa kingo, yenye matundu sita ya vidole. Hupigwa na kundi zima: kubwa, za kati na ndogo, zote zikifuata wimbo uleule, nyingine juu, nyingine chini, huku ngoma zikishindilia. Wapigaji hupuliza kwa nguvu makusudi, mpaka filimbi moja itoe kama sauti mbili zinazokwaruzana. Waaymara huiita sauti hiyo *tara*, nene na yenye mtetemo. Utamu wenyewe ndio huo, na anayetaka filimbi nyororo hapa ataukosa.

Kinachonivuta zaidi ni kalenda. Tarka na nduguye pinkillu, filimbi nyingine, ni za msimu wa mvua, kuanzia Novemba hadi kanivali, Februari au Machi, viazi vya kwanza vinapochimbwa. Filimbi ziitwazo *siku*, za matete yaliyofungwa pamoja, ni za kiangazi. Katika jamii nyingi inaaminika kwamba pinkillu huita mvua, na kwamba ala ya kiangazi ikilia mashamba yakiwa mabichi, jalidi itayaunguza.

Hata ala yenyewe hudai maji. Pinkillu za mbao hutengenezwa kwa kupasua tawi kwa urefu, kulikomba moyo, kisha kulifunga tena kwa kano za mnyama. Likikauka, hewa huvuja. Kwa hiyo kabla ya kupiga, filimbi hunyweshwa maji au chicha, pombe ya mahindi, ili mbao zivimbe na kuziba nyufa. Filimbi ya mvua isipolowa, hailii!

Nyimbo nazo huwa mpya. Kaskazini mwa Potosí, mkoa wa Bolivia, husemwa kwamba nyimbo za mwaka hutoka kwa *sirinu*, pepo wa chemchemi na maporomoko ya maji, na wanamuziki huzifuata hukohuko, usiku. Kanivali ikishaagwa, filimbi hizo huwekwa kando hadi Novemba.