Je, wajua kwa nini klabu za ziwani zilifungiwa Kombe la America?

Tarehe 2 Machi 2003, huko Auckland, klabu ya matanga ya Geneva iitwayo Société Nautique de Genève ilitwaa Kombe la America, kombe la kimataifa la zamani kuliko yote katika mbio za matanga. Uswisi haina bahari. Watu walishangaa hilo, lakini hati ya kombe lenyewe inashangaza zaidi: klabu inayotaka kugombea sharti iwe na mashindano yake ya kila mwaka baharini au katika mkono wa bahari. Sharti hilo halikuwamo tangu mwanzo. Liliingizwa Februari 1882, na chanzo chake ni mashua moja ya ziwani iliyokwenda New York ikivutwa na nyumbu.

Tuanze na kombe. Mashua iitwayo America ililishinda Uingereza, kwenye Kisiwa cha Wight, tarehe 22 Agosti 1851. Mwaka 1857 wenye mashua hiyo waliikabidhi klabu ya New York kombe hilo kwa hati ya wakfu: klabu si mmiliki bali mlinzi, na ni lazima ishindane na klabu yoyote ya nje itakayotoa changamoto kwa notisi ya miezi sita. Hati ilikuwa fupi. Haikusema klabu iwe ya wapi, wala mashua ifike kwa njia gani.

Waingereza ndio waliojaribu kwanza, mwaka 1870 na 1871, wakashindwa. Walioona mwanya uliobaki walikuwa watu wa Ziwa Ontario, upande wa Kanada.

Ziwa hilo lina ukubwa wa kilomita za mraba 19,000 hivi na liko mita 75 juu ya usawa wa bahari. Royal Canadian Yacht Club ya Toronto ilianzishwa huko mwaka 1852, na mwaka 1876 ikaanzishwa Bay of Quinte Yacht Club katika mji mdogo wa Belleville, kwenye ghuba nyembamba iliyojikunja kaskazini-mashariki mwa ziwa. Aliyeziunganisha klabu hizi mbili na kombe ni fundi mmoja, Alexander Cuthbert wa Cobourg. Alichora, akaunda na akaendesha mwenyewe.

Mashua alizoziunda zilikuwa pana, za kina kifupi, na zenye mkuku wa kushuka. Ndani ya mashua, katikati, hujengwa kasha jembamba lililo wazi kwa chini. Humo hukaa ubao mzito uliofungwa kwa pini upande wa omo, yaani mbele. Ukitaka kubisha, yaani kwenda upepo ukiwa mbele, unauteremsha ili mashua isisukumwe kando. Upepo ukikaa nyuma unaupandisha ili usiburute maji bure. Ukiingia bandari yenye mchanga unaupandisha pia, na ndiyo maana mkuku huu ulipendwa ziwani. Ubaya wake wanaujua mafundi: kasha ndipo mahali pa kwanza pa kuvuja, kwa sababu limekata mkuku mkuu pale unapobeba mzigo mkubwa, na jiwe dogo likiingia kwenye upenyo, ubao hukwama nusu chini, haupandi wala haushuki.

Mashua ya namna hii hairudishwi wima na uzito wa risasi ulioning'inia chini kabisa. Inashikwa na upana wake, pamoja na farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua, iliyopangwa tumboni. New York enzi zile kulikuwa na mashua ndogo za mbio zilizobeba mifuko ya mchanga, na kila zikigeuka mabaharia waliihamisha mifuko hiyo upande wa joshi, yaani unakotoka upepo. Aliyetazama mashindano ya mashua Lamu hahitaji kuelezwa zaidi.

Cuthbert alijaribu mara ya kwanza mwaka 1876, kwa niaba ya klabu ya Toronto, na mashua Countess of Dufferin. Ilipita Mto St. Lawrence hadi Atlantiki, ikazunguka mpaka New York, ikafungwa mbio mbili kwa bila na Madeleine, mashua ya New York. Walioichunguza bandarini waliona haraka kasoro mbili: mbao za nje hazikulainishwa, na matanga hayakukaa.

Mwaka 1881 alirudi, safari hii kwa jina la klabu ya Belleville. Fedha zilikuwa chache na kazi ikachelewa. Mashua mpya, Atalanta, iliteremshwa majini Septemba, wakati mbio zilikuwa za vuli hiyohiyo. Kuzunguka tena kupitia Atlantiki hakukuwezekana. Ikabaki njia ya ndani: kuvuka ziwa hadi Oswego, kuingia mfereji wa Oswego hadi Syracuse, kushika Mfereji wa Erie kuelekea mashariki, kisha kuteremka Mto Hudson. Ni zaidi ya kilomita 300 za mfereji kabla ya kuugusa mto. Tena si mteremko mtupu: kutoka mita 75 za ziwa mashua inapandishwa hadi karibu mita 130 pale mji wa Rome, ndipo inaanza kuteremshwa.

Kupandishwa na kuteremshwa huko hufanywa na malango ya maji. Lango ni chumba cha mawe chenye milango miwili: mashua inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaongezwa au kupunguzwa, mlango wa mbele unafunguliwa. Vyumba hivyo vilikuwa na urefu wa futi 110 na upana wa futi 18, na mfereji ulikuwa na kina cha futi 7. Atalanta ilikuwa na urefu wa futi 70, na chini ilizama futi 5 na nusu hivi mkuku ukiwa juu. Mpaka hapo hakuna shida. Upana wake, lakini, ulikuwa futi 19.

Futi moja tu, na fundi hakuikata mashua. Farumi ilihamishwa ikarundikwa ubavu mmoja hadi mashua ikalala, ikapita malangoni imeinama, nyumbu wakiivuta kwa kamba kutoka njia ya kandoni. Mlingoti ulikuwa umeshushwa, maana madaraja ya mfereji yalikuwa ya chini.

Kwa nini kuinama kunapunguza upana? Sehemu pana kuliko zote ni sitaha. Ukiiinamisha mashua nyuzi 19, zile futi 19 za sitaha, zikipimwa kwa mlalo wa maji, zinakuwa futi 18 kasoro kidogo. Ili kubaki nafasi ya kiganja kila upande unahitaji nyuzi 22 hivi. Ujanja huu usingefaa kwa tishari lenye umbo la sanduku: likiinama, pembe yake ya chini hutokeza upande wa pili, na upana unaongezeka badala ya kupungua. Mashua ya matanga imechongwa kuelekea mkuku, kwa hiyo haina pembe ya kutokeza. Hata hivyo ubavu wa chini unazama zaidi, na ndiyo maana kina kile kifupi kilikuwa bahati kubwa. Mashua ya Kiingereza ya wakati ule, nyembamba na yenye mkuku mrefu, ingekwama sakafuni mwa mfereji.

Mbio zilifanyika tarehe 9 na 10 Novemba 1881. Mshindani wa Atalanta, Mischief ya New York, ilikuwa ya chuma, imechorwa na A. Cary Smith. Ilishinda kwa dakika 28 na sekunde 20 siku ya kwanza, na dakika 38 na sekunde 54 siku ya pili.

Hapa wengi hukosea wakidhani umbo la ziwani ndilo lililoponza. La. Mischief nayo ilikuwa pana, upana wake ukikaribia futi 20, nayo ilikuwa na mkuku wa kushuka. Tofauti ilikuwa kwenye kazi ya mwisho. Tanga jipya la pamba halifungwi likavutwa kwa nguvu siku ya kwanza. Linatakiwa kutwekwa kwenye upepo mwororo na kunyooshwa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, hadi kitambaa na dasi zake, yaani kamba zilizoshonwa ukingoni, vinyooke pamoja. Ukiharakisha, dasi inabaki fupi, kitambaa kinarefuka, na tanga linafanya tumbo nyuma badala ya mbele. Mashua kama hiyo haiwezi kubisha vizuri. Atalanta haikupata siku hizo. Wala ubavu wake haukupata msasa wa kutosha, na mabaharia wake hawakuwa wa kulipwa kama wale wa New York.

Kilichowaudhi wenyeji zaidi ni tangazo la Cuthbert kwamba angeiacha Atalanta hapohapo majira ya baridi, airekebishe, atoe changamoto tena mwaka unaofuata. Klabu ya New York ikamrudishia kombe George Schuyler, aliyekuwa amebaki hai peke yake kati ya waliolitoa, naye akaandika hati mpya Februari 1882. Ukiisoma ukiwa na habari ya Atalanta mkononi, kila sharti jipya unaliona linamtazama nani. Mashua iliyoshindwa isirudi hadi nyingine igombee au miaka miwili ipite. Mashua ije kwa safari yake yenyewe majini, si kwa kuvutwa wala kubebwa. Na klabu iwe ya mashindano ya baharini. Hati ya tatu, ya 24 Oktoba 1887, iliyaendeleza masharti ya bahari na safari, nayo ndiyo inayotumika hadi leo. Kanada haikugombea tena hadi 1983, na safari hiyo ilikuja klabu ya Pasifiki.

Sharti la safari liliwaumiza hasa Waingereza na Waairishi, ambao hawakuwa wamekosa lolote. Mashua yao ilibidi iwe imara ya kuvuka Atlantiki, huku ya New York ikiundwa nyepesi kwa ajili ya mbio za nyumbani tu. Mwaka 1956 mahakama ya New York, ambayo husimamia wakfu huu, iliruhusu sharti hilo liondolewe, na tangu 1958 mashua za kugombea zikaanza kupakiwa melini kama mzigo.

Sharti la bahari lilibaki. Katika miaka ya 1980 Chicago Yacht Club, iliyo kwenye Ziwa Michigan, ilitaka kugombea kombe la 1987. Mahakama ikakubali kwamba Maziwa Makuu yanatosheleza maneno ya hati, ingawa hayana chumvi wala maji kupwa na kujaa. Mashua yake, Heart of America, ikaenda Fremantle, Australia, chini ya nahodha Buddy Melges, mtu aliyekulia kwenye maziwa ya Wisconsin. Haikufika mbali.

Geneva ni habari nyingine, kwa sababu ziwa lao halimo kati ya yale ya Chicago. Lakini hati haisemi jengo la klabu liwe wapi; inataka mashindano ya mwaka yawe baharini. Mlango ndio huo. Klabu hiyo, iliyoanzishwa 1872, ilililinda kombe mwaka 2007 huko Valencia, kisha ikajikwaa kwenye maneno yaleyale: ilikubali changamoto ya klabu mpya ya Hispania ambayo haikuwa imewahi kufanya hata shindano moja la mwaka. Klabu ya Golden Gate ya San Francisco ikashtaki, na tarehe 2 Aprili 2009 mahakama ya juu ya New York ikaamua kwamba shindano lazima liwe limeshafanyika, si la kuahidiwa. Golden Gate ikapata mbio, na Februari 2010 ikaondoka na kombe.

Je, klabu ya Mwanza au Kisumu? Ziwa Victoria ni zaidi ya mara tatu ya Ontario kwa ukubwa, lakini liko mita 1,134 juu ya bahari na maporomoko ya Nile hayaruhusu meli kutoka, kwa hiyo kuliita mkono wa bahari mbele ya jaji ingekuwa kazi. Njia nyepesi ni ile ya hati: klabu isajiliwe kisheria, iandae shindano lake la mwaka Mombasa au Tanga, ilifanye kweli, ndipo ipeleke barua.